Paka anayesemwa vibaya: namna ya kumchunguza kabla ya kumfukuza

Katika parseli (viwanja vya nyumba) nyingi za Goma paka huletwa kwa kazi moja tu, nayo ni panya. Anafika ndani ya mfuko, anafungwa kamba shingoni karibu na magunia ya unga, na siku ya nne hukumu imekwisha kutoka. Anakwaruza watoto. Anaiba sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani. Analia usiku kucha, anakojoa kwenye kitanda. Akiwa mweusi, jirani mmoja ataongeza neno la ulozi, na tangu hapo maisha ya mnyama huyo yamo hatarini.

Karibu kila tabia kati ya hizo ina sababu ambayo mtu anaweza kuiona kwa macho. Nyingi hurekebishwa kwa bidoni (dumu) iliyokatwa kuwa choo, mchanga, chakula cha kutosha na wiki tatu za subira. Mpangilio ndio muhimu: angalia mwili kwanza, kisha chakula, kisha mahali anapokaa, na tabia iwe ya mwisho. Ukianza na tabia utakosea, maana paka mkali na paka mwenye jino bovu wanauma namna moja.

Daftari la siku kumi na nne

Chukua daftari la shule. Kila jambo baya likitokea, andika mambo manne: saa, mahali, kilichotokea dakika moja kabla yake, na watu walifanya nini baadaye. Usiandike "mkorofi" wala "mbaya". Andika hivi: "Saa kumi na mbili asubuhi, mlangoni, mtoto alimvuta mkia, paka akakwaruza mkono, mama akampiga ufagio." Baada ya wiki moja utaona kwamba matukio mengi yanarudi kwa mtu mmoja, saa moja au kona moja ya nyumba. Hapo unajua pa kuanzia.

Ufagio wenyewe unastahili neno. Paka hafungi adhabu na kosa lililopita. Anaifunga na mtu aliyempiga. Ukimpiga kwa kukojoa chumbani, hatajifunza kwamba chumbani hapakojolewi. Atajifunza kukukimbia wewe, na ataenda kukojoa chini ya kitanda ambako humfikii.

Mwili kwanza

Fanya uchunguzi ndani ya chumba kilichofungwa, paka akiwa ametulia. Mzungushie kikwembe kizee, kichwa peke yake kibaki nje. Kucha zikiwa ndani utamwangalia bila damu kumwagika. Usimning'inize kwa ngozi ya shingo. Mama yake alimbeba hivyo akiwa na gramu mia chache, lakini paka mzima ana kilo 3 hadi 5 na anaumia.

Inua mdomo wa juu. Fizi zinapaswa kuwa za rangi ya waridi. Zikiwa nyeupe, fikiria viroboto wengi, minyoo au sumu ya panya. Mstari mwekundu pembeni ya meno, mate mengi na harufu mbaya ni maumivu ya kinywa: paka wa namna hiyo hunguruma mbele ya sahani yake, au anachukua kipande na kukiangusha. Ndani ya masikio, uchafu mweusi mkavu na kujikuna bila kupumzika ni utitiri. Kisha pitisha vidole polepole toka mashavuni, mabegani, mgongoni hadi shina la mkia. Uvimbe wenye joto ni jipu, mara nyingi limetokana na jino la paka mwingine, na ndilo linaloeleza kwa nini "anauma mtu anayempapasa tu". Anaumwa pale ulipogusa.

Akipumzika hupumua mara 20 hadi 30 kwa dakika. Joto lake la kawaida ni kati ya nyuzi 38 na 39.2, hiyo ndiyo sababu anaonekana wa moto ukimshika, si homa.

Jambo moja halingoji kesho. Dume anayechuchumaa mara kwa mara, analia, na mkojo hautoki au unatoka matone tu, njia yake ya mkojo imeziba. Anaweza kufa ndani ya siku mbili. Watu wanasema anachafua nyumba kwa kiburi, kumbe anahitaji daktari wa wanyama siku hiyo hiyo.

Paka mweupe mwenye macho ya buluu anayeitwa na haji, mpime masikio kabla ya kusema ana dharau. Simama nyuma yake, mahali ambapo hakuoni, piga makofi bila upepo wa mikono kumfikia. Asipogeuza hata sikio moja, rudia siku nyingine. Wengi wa rangi hiyo huzaliwa viziwi. Kiziwi huzoezwa kwa ishara ya mkono na kwa kugonga sakafu kwa mguu ili ahisi mtikisiko, na haguswi akiwa amelala, kwa kuwa ataamka akiuma.

Dawa za nyumbani ndipo nia njema inapoua. Paracetamol ni sumu kwa paka: kidonge kimoja cha miligramu 500 kinaweza kummaliza. Dawa ya viroboto ya mbwa yenye permethrin humtia mitetemo na degedege. Mafuta ya taa yanayopakwa ili kuua viroboto huunguza ngozi, na yanayobaki anayalamba yakaingia tumboni. Viroboto vitoe kwa chanuo lenye meno ya karibu, ukilichovya kila mara kwenye maji ya sabuni, na ufue matandiko yake kwa maji ya moto kila wiki, kwa sababu mayai ya viroboto yako zaidi kwenye matandiko kuliko mwilini.

Yule anayeitwa mwizi

Wazo kwamba paka asilishwe ili akamate panya limeenea, na si kweli. Paka huwinda hata akiwa ameshiba; kuwinda na njaa kwake ni mambo mawili. Mwenye njaa sana anaacha panya, ambaye ni kazi ngumu, anafuata sufuria.

Paka mzima wa kilo 4 anahitaji takriban gramu 150 hadi 200 za samaki, nyama au matumbo yaliyopikwa kwa siku, zigawanywe mara mbili au tatu. Mtoto wa miezi miwili hadi minne alishwe kidogo kidogo mara nne. Fufu iliyolowa mchuzi hujaza tumbo tu. Mwili wa paka hauwezi kujitengenezea taurini ya kutosha, ambayo hupatikana katika nyama na samaki. Akiikosa kwa miezi mingi, macho na moyo huharibika. Sambaza ni nzuri, ila ziwe zimepikwa, maana samaki wabichi wa kila siku wanaweza kuharibu vitamini B1 mwilini mwake. Zile zilizotiwa chumvi zilowekwe na kuoshwa kwanza. Badilisha na maini au vichwa vya kuku vilivyochemshwa, maini yasizidi mara mbili kwa wiki. Mabaki ya mchuzi wenye vitunguu usimpe, kitunguu na kitunguu saumu huharibu damu yake. Maziwa ya ng'ombe huwaharisha paka wengi wazima, kisha wanalaumiwa kwa uchafu.

Maji yawe mbali na chakula, na choo kiwe mbali na vyote viwili, angalau hatua mbili. Na samaki wenu wafunikwe. Samaki aliyeachwa wazi mezani si kipimo cha tabia ya paka.

Mahali: kamba, maficho na bidoni

Kamba ndiyo inayotengeneza paka wakali wengi kuliko kitu kingine. Mnyama huyu ana silaha ya kwanza moja, kukimbia. Ukiiondoa anabaki na ya pili, kucha. Aliyefungwa karibu na mlango, watu wakipita juu yake siku nzima, atakwaruza kila mguu na mtasema ni tabia yake. Mfungue ndani ya chumba kimoja chenye mlango na dirisha lililozibwa kwa wavu. Chumba hicho ndicho kamba yake.

Weka kartoni iliyolazwa ubavu, yenye matundu mawili ya kutokea, na nguo kuukuu ndani. Weka pia rafu au kasha analoweza kupanda, kimo cha mita moja na nusu hivi. Paka akiwa juu huona mlango na hofu hupungua. Siku tatu za kwanza usimtoe mafichoni. Mpe chakula, safisha choo, keti sakafuni ukiwa umemgeuzia ubavu, soma au chambua maharagwe, kisha toka. Kwa kawaida siku tatu ni za kujificha na wiki tatu za kujifunza ratiba ya nyumba. Kuzoea watu wote kunaweza kufika miezi mitatu. Kitu kimoja kinavunja subira hiyo: asipokula kabisa kwa saa 24, jaribu samaki wa vuguvugu mwenye harufu, zikifika 48, apelekwe kwa daktari, kwa kuwa ini la paka asiyekula huharibika haraka.

Nyumba za mbao hupitisha kila sauti, na mji wetu una sauti nyingine zaidi ya muziki wa jirani. Baada ya milio ya risasi, au siku ardhi inapotikisika kama ilivyoendelea kufanya baada ya volkano ya Nyiragongo kulipuka tarehe 22 Mei 2021, paka anaweza kukaa chini ya kitanda siku mbili au tatu na kumpiga kucha anayeingiza mkono. Msihesabu siku hizo kwenye daftari. Sukuma maji na chakula karibu naye na umwache.

Choo ni hivi. Chukua bidoni ya manjano ya lita 20, ilaze, kata ubavu wa juu wote, acha kuta za sentimita 12 hadi 15. Upande mmoja punguza hadi sentimita 8 awe na mlango, na ulainishe ukingo kwa kisu cha moto, vinginevyo atajikata na hatarudi. Paka wenye mwili mkubwa hawageuki vizuri humo, wape beseni pana. Tia mchanga laini wa ziwani uliochekechwa na kukaushwa juani, kina cha sentimita 5 hadi 7. Changarawe nyeusi ya volkano inayojaa parselini kwetu ni kali kwa nyayo. Paka wengi wanaikataa na kuchagua godoro, ambalo ni laini. Unga wa mbao kutoka kwa seremala unafaa ikiwa mbao hazikupakwa dawa. Majivu ya makaa peke yake hayafai: yakilowa huunguza nyayo, yakikauka hupeperuka.

Mavi yatolewe kila siku, si kwa harufu tu. Vimelea vya toksoplasma vinavyoweza kutoka kwenye mavi ya paka huhitaji siku moja hadi tano kabla ya kuweza kuambukiza. Mama mjamzito amwachie mwingine kazi hiyo, na kila mmoja anawe kwa sabuni. Hii si sababu ya kufukuza paka mimba ikionekana. Nyama isiyoiva vizuri na mboga zisizooshwa huleta ugonjwa ule ule.

Mahali alipokojoa pasioshwe kwa javeli, ile dawa ya klorini ya kung'arisha nguo. Javeli ikikutana na mkojo hutoa hewa inayochoma mapafu, na harufu yake huwavuta baadhi ya paka warudi hapo hapo. Osha kwa sabuni, suuza, kisha pangusa kwa siki iliyochanganywa na maji nusu kwa nusu, acha pakauke. Dume asiyehasiwa anayesimama wima, anainua mkia na kurusha mkojo ukutani, hajachanganyikiwa: anaweka alama ya mipaka. Kuhasiwa kuanzia miezi mitano huwaondolea wengi tabia hiyo, hasa kama haijadumu miaka.

Makochi yanayochanwa, dawa yake ni gogo la sentimita 80 lililovishwa gunia au kamba ya mkonge, lisimame imara bila kuyumba, pale pale kwenye kochi analolichana. Likiyumba mara moja hatalitumia tena.

Usiku, macho na neno la ulozi

Hapa ndipo hukumu huwa nzito, na ndipo inafaa kwenda polepole.

Macho yanayong'aa gizani: nyuma ya jicho la paka kuna utando unaorudisha mwanga, ili autumie mara mbili. Mbuzi anao, ng'ombe anao, mbwa anao. Washa tochi kwenye zizi la mbuzi usiku, wakaribishe na wanaosema, waangalie wenyewe.

Kukazia macho ukuta ambapo hakuna kitu: sikio la binadamu linaishia kwenye mitetemo 20,000 kwa sekunde hivi, la paka linafika kama 64,000. Panya huzungumza kwa sauti za juu ambazo sisi hatuzisikii kabisa. Ukuta wa mbao anaoutazama, ugonge usikilize, au nyunyiza unga chini yake jioni. Asubuhi mara nyingi utakuta nyayo.

Kilio kirefu cha usiku, kujibiringisha sakafuni, kuinua kiuno akiguswa mgongo: ni jike anayetafuta dume. Huanza kati ya miezi minne na sita, hudumu wiki moja hivi, na asipopandwa hurudi baada ya wiki mbili au tatu. Katika nchi zenye baridi kali paka hupumzika majira ya siku fupi. Sisi tuko karibu na ikweta, mchana haufupiki, kwa hiyo hali hiyo hurudi mwaka mzima. Akipandwa, mimba huchukua siku 63 hadi 65. Upasuaji wa kumfunga uzazi humaliza kilio. Baada yake akae ndani siku 10 hadi 14 mpaka mshono upone. Watoto wake wakizaliwa, mkimwona amemtia mmoja mdomoni usiku, msipige kelele kwamba anamla. Anawahamisha, na kawaida ni kwa sababu watu wamewashika mno.

Kulala kifuani mwa mtu: Goma na Bukavu ziko karibu mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, usiku ni wa baridi, na wewe una joto. Kitoto kichanga, hata hivyo, kisilale chumba kimoja na paka bila mtu mzima. Anaweza kujilaza karibu mno na uso wake.

Rangi nyeusi: hurithiwa kwa kujificha. Baba na mama wote wawili wenye milia wanaweza kuzaa mtoto mweusi tititi. Hakuna aliyembadilisha usiku.

Vifo vya ghafla navyo huzua maneno. Paka aliyekula panya mwenye dawa ya kuzuia damu kuganda huonekana mzima siku tatu hadi tano, kisha hulegea, fizi huwa nyeupe, anatoa damu puani au anapumua kwa shida. Vitamini K1 kutoka kwa daktari humwokoa akiwahiwa. Akitokwa na mate, akitetemeka na kuanguka ndani ya dakika au saa chache, hiyo ni sumu ya aina nyingine na kila dakika ina thamani. Waulizeni majirani, bila ugomvi, kama kuna aliyetega dawa. Na kwa wanaokaa magharibi mwa mji, upande wa Sake na kando ya ziwa, kuna mazuku: hewa ya kaboni dioksidi inayotoka ardhini na kutuama mashimoni, hasa usiku na alfajiri wakati hakuna upepo. Ni nzito kuliko hewa ya kawaida, hivyo humuua paka, mbuzi au mtoto aliyeko chini kabla mtu aliyesimama hajahisi kitu. Paka wakifa katika shimo moja, zuieni watoto wasifike hapo, na yeyote asiingie kuutoa mwili.

Jinsi ya kumgusa, na akiuma

Mkia ukisimama wima, ncha imepinda kidogo, anasalimia. Mkia ukipigwapigwa huku na huku si furaha ya mbwa, ni onyo. Masikio yakilala nyuma na mboni zikipanuka, rudisha mkono. Kuonyesha tumbo ni kusema ametulia, si kuomba tumbo liguswe. Hata mngurumo laini wa koo, ule wa raha, husikika kwa paka mwenye maumivu, kwa hiyo usiutegemee peke yake.

Wafundishe watoto hatua hizi: keti, nyosha kidole kimoja usawa wa pua yake, ngoja. Akikisugua kwa shavu, mkune shavuni na chini ya kidevu kwa sekunde tatu, acha, uone kama anarudi. Asiporudi, mazungumzo yamekwisha. Ukimtazama, fumba macho polepole na kuyafumbua. Wengi hujibu vivyo hivyo. Mtoto wa paka aliyeng'olewa kwa mama kabla ya wiki nane huuma kwa nguvu katika michezo, kwa sababu hakupata ndugu wa kumfundisha kipimo. Mpe kipande cha nguo kilichofungwa kwenye kijiti, kamwe si vidole.

Akiuma mtu na kutoa damu, kichaa cha mbwa kisifanyiwe mzaha, hata kama paka ni wa nyumbani. Osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15 kamili, kisha kituo cha afya siku hiyo hiyo kwa ajili ya chanjo. Usingoje kuona mnyama atafanyaje. Meno ya paka ni membamba, huingiza vijidudu ndani sana, na mkono unaweza kuvimba kabla ya siku kwisha. Paka mwenyewe asiuawe: afungiwe salama, achunguzwe siku 10. Akibadilika ghafla, sauti ikageuka, mate yakamtoka, akashindwa kumeza au kutembea, asiguswe tena na daktari wa wanyama aitwe. Chanjo yake huanza akiwa na miezi mitatu na hurudiwa baada ya mwaka.

Kama ni lazima aondoke

Kuna paka aliyekulia porini au sokoni bila kushikwa na binadamu katika wiki zake saba za kwanza, ambaye hatakubali kupakatwa hata baada ya miezi mitatu. Huyo hana ubaya. Mahali pake si chumba chenye watoto. Depo ya mahindi au yadi ya seremala itamfaa, na panya watapungua. Asitupwe usiku karibu na soko. Mpeleke akiwa ndani ya kartoni yenye matundu iliyofungwa vizuri, pamoja na nguo aliyolalia na kopo la mchanga wa choo chake, vyenye harufu anayoijua. Mpe mwenyeji mpya na lile daftari. Huko afungiwe wiki tatu akilishwa saa zile zile kila siku, na siku ya kwanza kufunguliwa mlango iwe kabla ya chakula cha jioni, ili njaa imrudishe.